Wakimbizi wa Kidugala na Picha Zao

Someni pamoja nami polepole katika karatasi mliyo nayo mkononi. Mkikuta neno gumu, litieni mstari chini kwa kalamu, na redio ikinyamaza mwulizeni mwalimu wenu.

Somo la leo ni la historia. Nataka kuwapa habari za watu waliofukuzwa kwao, wakazunguka karibu nusu ya dunia, mwishowe wakafikia katika nchi ya Wabena. Tena nataka tutazame jinsi tunavyozijua habari zao, maana sehemu kubwa twazijua kwa picha.

Kwanza nawauliza jambo moja. Nikitamka neno "mkimbizi", mnamwona nani katika mawazo yenu? Hapana shaka wengi mnamwona mtu wa Burundi au wa Kongo, mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani. Mnaifikiria Kigoma, na kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka wa 1996. Wengine mnakumbuka Ngara, mwezi wa Aprili 1994, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa mamia ya maelfu katika muda wa siku moja au mbili. Ni wachache watakaomwona Mzungu. Lakini wakimbizi waliokuja kukaa karibu nasi kabisa, hapa Kidugala, walikuwa Wazungu, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto.

Habari yenyewe yaanza mbali. Mwezi wa Septemba 1939 Wajerumani waliingia nchi ya Polandi kutoka upande wa magharibi. Siku 16 baadaye, tarehe 17, Warusi wakaingia kutoka mashariki. Nchi ikagawanywa kama nyama ya mnada. Katika sehemu waliyoitwaa Warusi, askari walianza kupita nyumba kwa nyumba, hasa usiku, kuanzia mwezi wa Februari 1940. Waliwachukua wakulima, walimu, polisi, watunza misitu, pamoja na wake zao na watoto wao. Mara nyingi familia ilipewa muda mfupi tu, pengine nusu saa, kufunga mizigo. Kisha wakatiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Huko walikata magogo porini, au walilima katika mashamba ya serikali, kwa chakula kidogo mno. Wengi walikufa kwa njaa, baridi na homa ya chawa.

Hapa nataka msimame kidogo. Ungepewa nusu saa kufunga vitu vyako usiku, ungechukua nini? Blanketi, sufuria, unga. Nani angefikiria kamera? Kwa sababu hiyo, miaka ile mibaya kuliko yote haina picha, au zile zilizopo zahesabika. Kumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia.

Mwaka wa 1941 mambo yaligeuka. Wajerumani waliwashambulia Warusi, na Warusi wakapatana na serikali ya Polandi iliyokuwa London. Wapolandi wakafunguliwa, na jeshi lao likaundwa huko huko Urusi chini ya Jenerali Anders. Mwaka wa 1942 watu zaidi ya 110,000, askari pamoja na raia, walivuka bahari ya Kaspi kwa meli zilizojaa kupita kiasi, wakashuka katika bandari ya Pahlavi, nchi ya Uajemi. Walinyolewa vichwa, nguo zao zilizojaa chawa zikachomwa moto. Wanaume wenye nguvu wakabaki jeshini, na baadaye walipigana na Wajerumani huko Italia. Wanawake, watoto na wazee hawakuwa na pa kwenda. Waingereza wakaamua kuwatawanya katika makoloni yao.

Basi hivi ndivyo walivyokuja Afrika karibu watu 20,000. Walikaa Uganda, katika Masindi na Koja. Walikaa Kenya, Rhodesia na Afrika Kusini. Tanganyika ilipokea wengi. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Kondoa, Morogoro, Kigoma, na katika nyanda zetu za juu, Ifunda upande wa Iringa na Kidugala upande wa Njombe.

Kidugala ilikuwa misheni ya Walutheri wa Berlin, wale wamisionari walioingia nchi za kusini kutoka upande wa Ziwa Nyasa tangu mwaka wa 1891. Vita vilipoanza mwaka wa 1939, Wajerumani wa Tanganyika waliwekwa kizuizini, na misheni zao zikabaki bila wenyewe. Serikali ikaona nafasi hiyo. Wapolandi mia kadhaa, Wakatoliki karibu wote, wakaletwa katika misheni ya Walutheri, katikati ya Wabena. Wakati ule hapakuwa na reli ya TAZARA. Makambako haikuwa mji wa makutano ya njia kama tunavyouona leo. Walisafiri baharini, wakapanda gari moshi la reli ya kati, kisha wakamalizia safari kwa malori kupitia Iringa, katika barabara ya vumbi.

Ninyi wa Njombe mnaijua baridi yenu ya mwezi wa Juni na Julai, ukungu unapolala bondeni mpaka saa nne za asubuhi. Sisi hujikunyata jikoni. Lakini mtu aliyekata magogo Siberia, baridi ya Njombe kwake ilikuwa kama mchezo. Lililowashangaza ni mengine: funza wa miguuni, nyoka, sauti za fisi usiku, na mvua inayopiga bati au nyasi kama mawe. Na jambo moja nadhani liliwafurahisha. Mpolandi ni mtu wa viazi mviringo. Kati ya nchi zote za Afrika, walikuwa wamefika karibu na watu ambao nao, siku hizi, hawaoni haya kula viazi asubuhi, mchana na jioni!

Kila kambi kubwa ilikuwa na shule, kanisa na hospitali. Walimu walifundisha watoto kwa Kipolandi, wakitumia vitabu vichache sana. Wanawake walishona, walifuma, walilima bustani. Vijana walikuwa na skauti na michezo ya kuigiza. Yote hayo twayaona katika picha.

Sasa tuje kwenye picha zenyewe. Siku zile kamera ilikuwa sanduku dogo lenye kioo mbele, na ndani yake mlikuwa na filamu iliyoviringishwa. Filamu moja ilitoa picha 8 au 12, basi. Ikiisha, hapana budi kuipeleka kwa fundi, aisafishe kwa dawa katika chumba cha giza, kisha azichape picha juu ya karatasi. Kazi hiyo yataka fedha, na mkimbizi alikuwa na posho ndogo tu. Kwa hiyo mtu hakupiga picha ovyo. Alifikiri kwanza. Alivaa nguo yake nzuri, akachana nywele, akasimama wima, akatabasamu.

Familia nyingi za Wapolandi waliotoka Afrika zilihifadhi picha hizo, na leo zimo katika albamu na makumbusho ya Ulaya, Marekani, Kanada na Australia. Ukizifungua albamu hizo utaona mambo yanayofanana. Utaona nyumba za mviringo zilizoezekwa nyasi, na mbele yake mama na watoto watatu. Utaona wasichana katika mavazi meupe siku ya komunyo ya kwanza. Utaona darasa zima limepangwa kwa mistari, wafupi mbele, warefu nyuma. Utaona msichana ameshika ndizi kubwa, kwa sababu kwao ndizi ni ajabu. Utaona maandamano ya sikukuu, na bendera.

Mtu asiyejua historia atazitazama akaseme, "Ama watu hawa walikuwa wakistarehe!" Naye ana haki ya kukosea, maana picha yenyewe yasema hivyo. Lakini picha hizo zilipigwa kwa ajili ya nani? Nyingi zilikuwa barua. Mama alikuwa Kidugala au Tengeru, mumewe au mwanawe wa kwanza yuko jeshini Italia, akipigania mlima wa Monte Cassino mwaka wa 1944. Picha ilitiwa katika bahasha, ikavuka bahari. Maana yake ilikuwa moja: tazama, tu hai, tumenenepa, mtoto amekua, usiwe na wasiwasi. Nani atampelekea askari picha ya mtoto anayelia kwa malaria?

Na wako wanawake waliokuwa wakingoja majibu yasiyokuja. Mwaka wa 1940 Warusi walikuwa wamewaua kwa siri Wapolandi wapatao 22,000, maofisa wa jeshi, polisi na watu wenye elimu, katika msitu wa Katyn na mahali pengine. Habari hiyo ilianza kujulikana mwaka wa 1943. Serikali ya Urusi iliikana mpaka mwaka wa 1990. Kwa hiyo katika mistari ile ya wanawake wanaotabasamu mbele ya vibanda, walikuwamo wajane wasiojua kwamba ni wajane. Hilo kamera haiwezi kulionyesha hata kidogo.

Liko jambo jingine, nalo latuhusu sisi zaidi. Tazameni tena pembeni mwa picha. Mara nyingine yuko Mwafrika pale. Ni mpishi, au kibarua aliyebeba kuni, au askari wa lango, au mtu aliyeleta kuku na mayai kuuza. Pengine kamera imemkata nusu. Wazungu waliomo katika picha wameandikwa majina nyuma, hata ya watoto wadogo. Lakini jina la Mwafrika mara nyingi halimo. Nyumba zile za Tengeru zilijengwa na vibarua wa Kiafrika. Chakula cha kambi, kwa sehemu, kilitoka katika mashamba ya jirani. Wapolandi walijifunza maneno ya Kiswahili kutoka kwa watu hao, na watoto waliyakumbuka mpaka uzee wao. Lakini majina ya walimu wao wa Kiswahili hatunayo.

Msidhani nawalaumu Wapolandi peke yao. Ilikuwa Tanganyika ya wakoloni. Mzungu aliyejulikana na watu alikuwa bwana shauri, padre au mwenye shamba. Ghafula wakaja Wazungu maskini, wenye kulima bustani kwa mikono yao, wasio na gari wala nchi. Wakubwa wa serikali walikuwa na wasiwasi, maana ukubwa wa Mzungu machoni pa watu ulikuwa sehemu ya utawala wao. Hawakupenda wenyeji na wakimbizi wazoeane mno. Kwa hiyo picha zile zimebeba alama ya utawala ule, hata pale aliyeshika kamera alipokuwa mtu aliyeonewa mwenyewe. Mimi naona hilo ni jambo la kufikiri sana. Mtu aweza kuwa amenyang'anywa kila kitu, na bado asimwone mtu aliye karibu naye anayechota maji.

Vita vilikwisha mwaka wa 1945. Lakini mwezi wa Februari mwaka ule wakubwa wa Uingereza, Marekani na Urusi walikuwa wamekutana Yalta, wakakubaliana kwamba sehemu ya mashariki ya Polandi itabaki kwa Warusi. Wengi wa watu wa kambi walitoka sehemu hiyo hasa. Nyumba zao sasa zilikuwa katika nchi nyingine. Wachache walirudi Polandi. Wengine walikwenda Uingereza kuungana na waume zao wa jeshini, wengine Australia, Kanada na Marekani. Kambi za kwetu kusini zilifungwa, waliobaki wakahamishiwa Tengeru. Mwaka wa 1949 watoto yatima wapatao 150 waliondolewa Tengeru kwa meli kwenda Italia, na wengi wao wakafikia Kanada. Ifunda pakawa shule ya ufundi. Kidugala ikarudi mikononi mwa Walutheri, na shule yao ya seminari yajulikana sana. Makaburi ya Wapolandi yapo Kidugala mpaka leo, na yapo Tengeru pia, ambako kuna makaburi zaidi ya 140. Mzee mmoja, Edward Wojtowicz, alikataa kuondoka Tanzania kabisa. Aliishi Tengeru hadi alipofariki mwaka wa 2015, akazikwa pamoja na wenzake.

Kabla sijamaliza, nataka kuwavusha mpaka nchi nyingine, mpate kulinganisha. Wazee wenu waliokwenda vitani katika jeshi la KAR walizungumza sana juu ya "vita vya Bama". Walipigana huko na Wajapani mwaka wa 1944, katika misitu na tope. Nchi hiyo leo yaitwa Myanmar. Katika jimbo lake la pwani wamo watu waitwao Warohingya, ambao ni Waislamu. Sheria ya mwaka wa 1982 iliwaacha wengi wao bila uraia katika nchi waliyozaliwa. Mwezi wa Agosti 2017 jeshi lilivishambulia vijiji vyao, vikachomwa moto, na watu zaidi ya 700,000 wakakimbilia Bangladesh. Wakajazana katika vilima vya Kutupalong, katika vibanda vya mianzi na turubai.

Kati yao yuko kijana mmoja, Sahat Zia Hero. Yeye hakuwa na kamera ya bei kubwa; alianza kwa simu ya mkononi. Akapiga picha za majirani zake: mzee anayetengeneza paa, watoto wanaocheza, njia zilizogeuka mito wakati wa masika. Mwezi wa Machi 2021 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya kambi, naye akapiga picha akiwa ndani, siyo mgeni aliyekuja kutazama kisha akaondoka. Mwaka wa 2022 yeye na wenzake walianzisha gazeti la picha lililopigwa na wakimbizi wenyewe, Rohingyatographer. Mwaka wa 2023 yeye na Warohingya wenzake watatu walipewa tuzo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi.

Linganisheni basi. Mama wa Kidugala alipiga picha ili mumewe asilie. Kijana wa Kutupalong apiga picha ili dunia isisahau. Mmoja alificha shida, mwingine aionyesha, hata hivyo wote wawili walitaka kusema, "Sisi ni watu wenye majina." Na hata yule kijana hapigi tope na moto tu. Katika picha zake wamo watu wanaocheka, maana mtu wa kambini hucheka vilevile, na ukimwonyesha akilia siku zote umemdhulumu kwa namna nyingine.

Nyumbani kwetu ilikuwapo picha moja tu ya zamani. Babu yangu amesimama kati ya wanaume saba, wote vibarua, wameshika majembe. Tulipokuwa wadogo tulijua majina yao wote, kwa sababu bibi alikuwa akitutajia kila jioni tulipomsumbua. Hatukuyaandika. Bibi hakujua kuandika, na sisi tuliojua tulidhani tutayakumbuka. Leo namjua babu peke yake. Wale wengine sita siwajui, wala hakuna aliyebaki wa kumwuliza.

Kwa hiyo kazi yenu ya nyumbani ni hii. Kila mwenye picha ya zamani nyumbani kwake aje nayo darasani juma lijalo, hata ikiwa imechanika. Kabla ya kuja, mpelekeeni mzee mmoja aitazame, mwulize: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani, na aliyeipiga alikuwa nani? Msimsahau mtu wa pembeni. Kisha andikeni majina nyuma ya picha kwa mkono wenu wenyewe, mstari mmoja kwa mtu mmoja, mkianza na wa kushoto. Wenye jamaa upande wa Kidugala, waulizeni pia kama yuko aliyesimuliwa na wazazi wake habari za Wapolandi: nani aliwapikia, nani aliwauzia mayai. Tumieni kalamu ya risasi iliyo laini, msikandamize sana. Wino hupenya mpaka upande wa pili na kuharibu nyuso.